"Punguza Mawazo, Mwalimu": Uchambuzi wa Kisa cha Sonona na Madeni

Idhini na taarifa zilizobadilishwa

Kisa hiki kinamhusu mwalimu wa shule ya msingi aliyetibiwa sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, katika kliniki ya afya ya akili ya hospitali moja ya wilaya, upande wa pwani ya Tanzania, ambako mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Mwenyewe ameyasoma maelezo haya na kuyaridhia. Umri, idadi ya watoto, tarehe na majina ya mahali vimeondolewa au kubadilishwa, na kila mtu anatajwa kwa nafasi yake tu. Somo analofundisha limebaki kama lilivyo kwa ombi lake, kwa kuwa alisema bila hesabu kisa hakieleweki. Ninamwita Mwalimu, kama nilivyomwita kliniki. Yeye aliniita Sista mwanzo hadi mwisho.

Usuli

Mwalimu ni mtu wa makamo, ana mke na watoto wanaosoma, ana ajira ya serikali na bima ya afya. Kwa macho ya mtaa wake ni mtu anayejiweza, na hiyo ni sehemu ya tatizo, maana mwenye mshahara ndiye ambaye ukoo mzima humgeukia pakitokea ugonjwa au msiba. Miaka michache kabla ya kisa hiki alichukua mkopo wa benki ili ajenge nyumba. Makato yalimwacha na theluthi moja ya mshahara wake, ambayo ndiyo kiwango cha chini kinachotakiwa kubaki mkononi mwa mtumishi wa umma. Aliishi hivyo bila taabu kubwa, kwa tuisheni za jioni na kwa mkewe kuuza vitafunwa.

Kisha mama yake akapata kiharusi kilichompooza upande mmoja. Aliishi miezi saba baada ya hapo, nyumbani kwa Mwalimu, na gharama zilizomwelemea mwanawe hazikuwa za hospitali bali zile zisizo na risiti: bajaji ya kukodi kila alipokwenda mazoezini, nepi za watu wazima, na binti wa kumgeuza kitandani wakati wenye nyumba wako kazini. Alipofariki yakafuata maziko, hitima na arobaini, na katika shughuli za namna hiyo mtoto mwenye mshahara hawezi kusimama mbele ya ndugu akasema hana.

Alikopa shilingi 600,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, mkopo wa aina ambayo watu wameibatiza jina la kausha damu, kwa riba ya asilimia 30 kwa mwezi, na dhamana yake ikawa kadi ya benki pamoja na namba yake ya siri. Kila mwisho wa mwezi mkopeshaji alikwenda mashineni, akatoa 180,000 ya riba na kumkabidhi Mwalimu kilichobaki. Mkopo wenyewe haukuguswa. Katika miezi 11 Mwalimu alilipa 1,980,000 na bado alidaiwa zile zile 600,000. Ieleweke pesa hizo zilitoka wapi: benki imezuiwa kuigusa theluthi ya mwisho ya mshahara, lakini mwenye kadi mkononi hana kizuizi chochote, na theluthi hiyo hiyo ndiyo aliyokuwa akiikata. Ili kuziba pengo, Mwalimu alikopa 400,000 kwa mtu wa pili kwa riba ya asilimia 20 kwa mwezi, akaazima pesa kwa walimu wenzake, akakopa unga na mafuta dukani, na mwishowe akaingia kwenye mikopo ya programu za simu, ambazo humtaka mkopaji aziruhusu zisome namba zote alizohifadhi.

Mkewe hakujua lolote kati ya hayo. Aliambiwa kuwa kadi ilimezwa na mashine na benki inachelewa kutoa nyingine.

Milango aliyopita kabla ya kufika kliniki

Dalili zilianza miezi minne hivi baada ya arobaini ya mama yake. Alilala saa nne usiku akiwa hoi, usingizi ukakatika saa nane, na kutoka hapo hadi adhana ya alfajiri alikuwa macho akitazama dari. Kichwa kilimwaka moto. Moyo ulimwenda mbio akiwa amekaa tu. Chakula hakikuwa na ladha, na alipungua kiasi kwamba mkewe alizipeleka suruali zake kwa fundi kupunguzwa mara mbili. Darasani alikuwa akianza kuandika swali ubaoni, akafika katikati, akasahau alitaka kuuliza nini, na watoto wakawa wanacheka.

Kwenye zahanati alipimwa malaria kwa kipimo cha haraka, hakukutwa nayo, akapewa dawa ya taifodi. Aliporudi alipewa dawa ya UTI. Wafanyakazi wenzangu wa maabara watanisamehe, lakini katika wilaya zetu ni shida mtu kutoka kwenye chumba hicho bila kuwa na kimojawapo kati ya hivyo viwili. Kwenye kituo cha afya aliambiwa ana dalili za vidonda vya tumbo, na presha yake, ambayo ilisoma juu kidogo siku hiyo, ikaandikiwa dawa siku hiyo hiyo. Duka la dawa lilimuuzia diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi, bila cheti, naye akawa anameza kidonge kimoja kila usiku kwa majuma sita.

Katika safari hizo zote kuna mara moja ambapo alitamka jambo lenyewe. Alimwambia tabibu wa zahanati, "Nina mawazo sana, daktari." Tabibu, ambaye nje alikuwa na foleni ya akina mama wenye watoto wenye homa, alimjibu kwa upole: "Punguza mawazo, Mwalimu." Kisha akamwandikia dawa ya maumivu.

Shehe wa msikiti wake ndiye aliyeifungua njia. Familia ilimpeleka kwa kisomo, kwa kuwa mama mkwe alishuku jini. Shehe alisoma kwa siku tatu, na siku ya nne akamweka Mwalimu pembeni na kumuuliza kama analala. Alipoelezwa habari za saa nane usiku, alisema kisomo kiendelee lakini hospitali pia aende, akamkumbusha kwamba Mtume aliwaamrisha watu wajitibu. Yeye mwenyewe ndiye aliyempigia simu muuguzi anayemfahamu, na muuguzi huyo akawaelekeza kwangu.

Kikao cha kwanza

Mwalimu alikuja na mkewe, wote wawili wakaketi kwenye benchi mbele ya meza yangu. Alinijibu kwa adabu na kwa ufupi. Nilimsomea dodoso la maswali tisa linalotumika nchi nyingi kupima sonona, ambamo kila swali lina alama 0 hadi 3 kulingana na mara ngapi dalili imemsumbua mtu katika majuma mawili yaliyopita, na jumla ya juu kabisa ni 27. Alipata 17, kiwango kinachohesabiwa kuwa sonona ya kati inayoelekea kuwa kali. Swali la tisa linahusu mawazo ya kufa au kujidhuru. Nilipolisoma, Mwalimu aliinua macho akatazama kalenda iliyokuwa ukutani nyuma yangu, akasema, "Hapana kabisa." Mkewe alikuwa amemgusa bega kwa bega. Nikaandika 0 na kugeuza karatasi.

Daktari alimwona, akaagiza vipimo vichache vya kuondoa magonjwa mengine ya mwili, akaanzisha fluoksetini, dawa ya sonona, miligramu 20 kila asubuhi na mpango wa kuipunguza diazepamu kidogo kidogo, badala ya kuikata ghafla, kwa kuwa mwili ulikuwa umeshaizoea. Aliiepuka amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, ingawa ilikuwepo na mara nyingi ndiyo inayopatikana, kwa sababu ni dawa yenye hatari kubwa ikimezwa kwa wingi, na pia huweza kuusumbua moyo. Nilimweleza Mwalimu kwamba dawa huchukua majuma mawili hadi manne kuonyesha kazi. Nilisema hayo nikiwa nimesimama, mkono ukiwa kwenye kitasa cha mlango.

Juma la pili alikuja akiwa ameshaiacha dawa. Ilimletea kichefuchefu na kumzidishia wasiwasi, na siku ya tisa aliona hakuna nafuu, akahesabu kwamba dozi imemshinda. Kwa mazoea yetu yote ya dawa alikuwa na haki ya kuhesabu hivyo: dawa mseto ya malaria ni siku tatu, ya kifua siku tano au saba, na dozi ikiisha mtu ama amepona ama anabadilishiwa. Nilimweleza upya, safari hii nikiwa nimeketi, na akakubali kujaribu tena. Tukaongea kuhusu marehemu mama yake kwa nusu saa. Kuhusu pesa alisema tu kwamba "hali ni ngumu kama ya kila mtu".

Kikao cha tatu

Siku nne baadaye alikuja peke yake, bila miadi, akiwa na mavazi ya kazini na vumbi la chaki kwenye mkono wa shati. Hakukaa. Aliweka simu mezani, akaisukuma kuelekea kwangu kwa kidole kimoja, akasema, "Soma, Sista."

Mmoja wa wakopeshaji wa mtandaoni alikuwa ametuma ujumbe kwa namba zilizokuwa kwenye simu yake. Ulikuwa na picha ya kitambulisho chake, jina lake kamili na neno "TAPELI" kwa herufi kubwa, na ulimtaka anayeusoma amshauri alipe. Ulikuwa umemfikia mwalimu mkuu, wazazi kadhaa wa darasa la saba, shehe, na mkwe wake. Deni lililokuwa likidaiwa hapo lilikuwa shilingi 90,000.

Nilifunga mlango, nikamwomba aketi, na nikauliza kile ambacho ilinipasa kumuuliza siku ya kwanza akiwa peke yake: "Mwalimu, umefikiria kujiua?" Alijibu haraka, kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali: "Juzi, na jana." Nilimuuliza kama ameshapanga namna. Alikuwa ameshapanga. Nilimuuliza nini kilimzuia jana, akasema mtoto wake mdogo aliamka usiku akataka maji.

Nilirudia dodoso. Lilisoma 21, na swali la tisa lilikuwa na alama 3.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kumlaza au kumrudisha nyumbani. Hospitali yetu haina wodi ya afya ya akili; angelala wodi ya wanaume, mkabala na wazazi wa wanafunzi wake. Rufaa ilikuwa mbali, na yeye alinisihi nisimpeleke "Mirembe", jina ambalo ni la hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyopo Dodoma tangu mwaka 1927, lakini ambalo mtaani limegeuka kuwa neno la matusi. Woga wake wa jina haukuwa sababu ya kutosha kuiacha rufaa, na nilimwambia hivyo. Tulichopima na daktari ni mambo mengine: hakuwa na dalili za kuona au kusikia visivyokuwepo, alikuwa amekuja mwenyewe, alikubali tuwaite watu wawili anaowaamini, na watu hao waliweza kukaa naye usiku na mchana. Tuliamua arudi nyumbani kwa masharti. Njia aliyoifikiria iondolewe nyumbani siku hiyo hiyo, kabla hajaingia. Kaka yake ahamie kwake kwa juma moja. Dawa zishikwe na mkewe, na zitolewe za siku saba tu kwa wakati. Nami nimwone kila siku kwa siku nne. Iwapo sharti moja lingekosekana, angelazwa. Kaka yake alinipigia saa kumi na moja jioni kuthibitisha sharti la kwanza, na hapo ndipo nilipoweka saini.

Kuna jambo lililofanya mkono wangu usite nilipokuwa nikiandika faili, na ni vizuri liandikwe. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kujaribu kujiua bado ni kosa la jinai. Kenya ilikuwa na kifungu cha namna hiyo, cha 226, ambacho Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha katiba mwezi Januari 2025. Mwalimu hakuwa amejaribu, na kufikiria si kosa, lakini nimeona wauguzi wengi wakiliruka swali la tisa kwa hofu ya kujikuta wameandika kitu kitakachosomwa polisi. Mgonjwa naye anayo hofu hiyo hiyo upande wake wa meza.

Uamuzi wa pili ulikuwa nani aambiwe kuhusu madeni. Mwalimu alitaka kaka yake tu. Nilimshauri mkewe awepo pia, kwa hoja rahisi kwamba ujumbe ule umeshamfikia mkwe na kabla ya magharibi utakuwa umefika jikoni kwake. Alikubali mradi aseme mwenyewe. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, akanyamaza, kisha akasema, "Kumbe kadi haikumezwa na mashine." Alilia baadaye, nje, kwenye benchi ya korido. Hasira yake ilikuwa ya kufichwa miezi 11 zaidi kuliko ya pesa zenyewe.

Uamuzi wa tatu ulikuwa wangu, na haukutoka kwenye mwongozo wowote. Kikao cha nne nilimpa daftari la hesabu, lile la miraba, nikamwomba aandike anachodaiwa. Alikuwa hajawahi kukiandika. Kila nilipomuuliza jumla alisema "zaidi ya milioni nne" na kushika kichwa. Alichora mistari mitatu kwa rula niliyomwazima, akaandika juu yake Anayedai, Kiasi, Riba, kisha akakaa na kalamu mkononi muda mrefu kiasi kwamba niliinuka nikafunga dirisha ili nisiwe namtazama. Mkopeshaji wa kwanza 600,000. Wa pili 400,000. Programu tatu za simu kwa pamoja 270,000. Walimu wawili 230,000. Dukani 65,000. Alijumlisha kutoka juu kwenda chini, halafu kutoka chini kwenda juu, kama anavyowafundisha watoto kuhakiki. Jibu lilikuwa 1,565,000 mara zote mbili. Aliliangalia, akasema, "Hii ni hesabu ya darasa la nne, Sista." Ndiyo mara ya kwanza nilimwona akitabasamu, ingawa halikudumu, kwa sababu safu ya tatu ilionyesha 260,000 zinazotoka kila mwezi kwa wakopeshaji wawili wa mtaani peke yao bila kupunguza hata shilingi ya madeni yenyewe.

Kuanzia hapo vikao vilikwenda kwa utaratibu wa kutatua tatizo moja kwa wakati mmoja: kulitaja, kuorodhesha yanayowezekana hata yale ya kipuuzi, kuchagua moja, kulifanya kabla ya kikao kijacho, kuja kueleza lilivyokwenda. Lililochaguliwa kwanza ni riba ya asilimia 30. Kaka yake aliuza mabati yaliyokuwa yamehifadhiwa kwa ajili ya nyumba ya Mwalimu. Afisa ustawi wa jamii aliwakutanisha na mkopeshaji mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na mwenyekiti aliomba kuona leseni ambayo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji kuwa nayo. Haikuwepo. Mazungumzo yakawa mafupi: 600,000 kwa mikupuo miwili, bila riba zaidi, na kadi irudi siku ya mkupuo wa kwanza.

Pamoja na hayo tulipanga vitu vidogo vya kila siku, ambavyo Mwalimu mwanzoni aliviona havina maana mbele ya madeni: arudi barazani jioni kucheza bao angalau mara mbili kwa juma, aswali alfajiri msikitini badala ya chumbani, atembee kwenda shuleni na mtoto wake. Aliogopa baraza kuliko kitu kingine, kwa ajili ya ule ujumbe. Siku aliyokwenda, wazee walimpisha kwenye mkeka na hakuna aliyeuliza. Baadaye mmoja alimwambia pembeni kwamba naye yumo kwenye programu mbili.

Kuhusu kazi, aliamua kumwendea mwalimu mkuu mwenyewe. Cheti cha ED, yaani cha kupumzishwa kazi kwa ugonjwa, nilichomwandikia kilisema ana ugonjwa unaoendelea kutibiwa na anahitaji siku 10, bila kutaja ugonjwa. Mwalimu mkuu alimpunguzia vipindi kwa mwezi mmoja. Mwalimu mwenzake mmoja, aliyeona mhuri wa kliniki, alimtania mbele ya ofisi nzima kwamba sasa ni mtu wa kufungwa kamba, na Mwalimu alikosa kikao cha juma hilo.

Matokeo

Alihudhuria vikao vinane ndani ya miezi mitano. Dodoso lilishuka kutoka 21 hadi 14 katika juma la sita, 9 mwezi wa tatu, na 6 mwezi wa tano. Mawazo ya kujiua yalikoma juma la tatu baada ya kisa cha ujumbe na hayakurudi katika kipindi nilichomfuatilia. Diazepamu iliisha kabisa. Presha, iliyopimwa mara tatu kwa siku tofauti, ilikuwa ya kawaida, na daktari aliiondoa dawa yake.

Madeni yalibaki 310,000, yote kwa watu wasiotoza riba. Nyumba haina paa. Usingizi wake bado hukatika kuanzia tarehe 24 hadi mshahara unapoingia, kisha hurudi.

Mwezi wa sita fluoksetini ilikosekana hospitalini kwa majuma matatu. Wenye fedha walinunua nje. Mwalimu alijibana kwa siku chache, akaacha. Kichwa kilianza kuwaka tena. Tofauti na awali, alikuja mwenyewe, akasema, "Sista, imerudi, nimeitambua." Alirudishiwa dawa, na mpango ni aendelee nayo kwa miezi isiyopungua sita baada ya kupata nafuu kamili.

Uchambuzi

Kilichomponya si kitu kimoja, na nitakuwa nimedanganya nikisema najua kipi kilifanya kazi kubwa zaidi. Dawa ilianza kufanya kazi karibu juma lile lile kadi iliporudi. Ninachoweza kukisema ni kwamba dawa peke yake ingemlaza usiku kisha ikamwamsha asubuhi kwenye riba ile ile. Mtu anayekatwa 260,000 kutoka kwenye theluthi ya mshahara ana sababu halisi ya kukosa usingizi, na tiba isiyoigusa sababu hiyo inamtaka mgonjwa ayazoee maumivu.

Utaratibu wa kutatua tatizo moja moja si uvumbuzi wangu. Harare, tangu mwaka 2006, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda na wenzake wamewafunza akina bibi wa mitaani kuutumia wakiwa wamekaa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Utafiti wao uliochapishwa mwaka 2016, uliofanyika kwenye zahanati 24 kwa washiriki 573, ulionyesha kuwa baada ya miezi sita dalili za waliokaa kwenye mabenchi hayo zilikuwa zimepungua kuliko za waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa. Kinachonivutia zaidi ni neno walilolichukua kuwa jina la ugonjwa: kufungisisa, ambalo kwa Kishona ni kufikiri kupita kiasi. Hawakuwalazimisha watu wajifunze jina la kigeni kabla ya kusaidiwa. Sisi tunalo neno "mawazo", kila mgonjwa analitamka, nasi tunalijibu kwa kumwambia alipunguze, kana kwamba mtu anayeweza kulipunguza angepanda bajaji kuja kutusumbua. Neno hilo likitamkwa ndani ya chumba cha tabibu, dodoso linapaswa kutolewa kwenye droo. Linachukua dakika tano. Mwongozo wa mhGAP, mpango wa afya ya akili ambao Shirika la Afya Duniani liliuanzisha mwaka 2008, umeandikwa kwa ajili ya matabibu na wauguzi wasio mabingwa wa akili, watu wa aina ya yule wa zahanati.

Shehe alifanya vizuri kuliko sisi. Aliuliza kuhusu usingizi, akasubiri jibu, na hakumtaka mgonjwa achague kati ya kisomo na hospitali. Familia ingelazimishwa kuchagua, naamini ingebaki kwenye jini.

Makosa yangu ni mawili, na la kwanza lingeweza kuua. Kusoma swali la tisa mbele ya mke ni sawa na kutolisoma. Mwanamume aliyeficha madeni kwa miezi 11 ili mkewe asihuzunike hawezi kumwambia muuguzi, mkewe akiwa amemgusa bega, kwamba anataka kufa. Macho yaliyokimbilia kalenda yalikuwa jibu tosha, na nililiona, na nikaandika 0 kwa sababu nje kulikuwa na watu 12. Sasa kila anayekuja na ndugu huonwa kwanza na ndugu, kisha peke yake, hata kwa dakika chache, na swali hilo huulizwa katika sehemu ya pili. Kosa la pili ni kumweleza mtu habari za dawa ya miezi kadhaa nikiwa nimeshika kitasa. Siku hizi huanza kwa kusema kwamba dawa hii haina dozi ya kumaliza kama ya malaria, kwamba juma la kwanza huenda akajisikia vibaya zaidi, na kwamba asiiache bila kunipigia.

Lile daftari lilisaidia, lakini sitalipigia debe. Nilimpa mtu aliyekuwa akifikiria kujiua siku chache kabla kalamu ya kujumlishia madeni yake bila kujua jibu litakuwa nini. Lilitoka dogo kuliko hofu yake. Lingetoka milioni saba, sijui ningemwambia nini, na kaka yake hakuwepo chumbani. Nimelitumia tena mara mbili tangu hapo, kila mara ndugu anayejua hali ya fedha za familia akiwa karibu, na baada tu ya swali la tisa kubaki 0 kwa majuma mawili mfululizo.

Upungufu wa dawa hauko mikononi mwa kliniki, ila taarifa yake iko. Tulijua siku tano kabla kwamba akiba inakwisha na hatukumpigia simu mgonjwa yeyote.

Lililobaki nje ya faili ni habari ya mkewe. Yeye ndiye aliyeshika dawa, aliyelala nusu usingizi kwa mwezi mzima akisikiliza kama mumewe anapumua, aliyeongeza masufuria ya maandazi mawili alfajiri ili duka lilipwe. Katika vikao vinane alikuja mara tano, na kila mara nilimuuliza habari za mumewe. Siku ya kikao cha mwisho, Mwalimu akiwa amekwenda dirisha la dawa, aliniambia huku akikunja na kukunjua cheti cha kliniki kwamba siku hizi kichwa kinamwaka moto. Nilimpangia Jumanne iliyofuata, aje peke yake. Jumanne hiyo hakuja. Alikuja ya baada yake, amevaa kama mtu anayekwenda sokoni, na kapu akaliacha mlangoni.